Kopo Namba Nne

Bi Fatna alitikisa kisanduku mara tatu, akachomoa vikaratasi viwili, akasoma bila kuinua macho.

"Mtuhumiwa, Profesa Mstaafu Datius Rwechungura. Mpimaji, Tusekile Kabuje."

Wapimaji saba tulikuwa tumejipanga mbele ya meza yake kama wanafunzi wanaosubiri chanjo. Kila mmoja wetu alifundishwa kupima na huyo Profesa, au na mtu aliyefundishwa naye.

"Mwenye undugu na mtuhumiwa, au mwenye kisasi naye, aseme sasa," Bi Fatna aliendelea, kama anavyosema kwenye kila kura. Yeye ndiye karani wa usomaji, na sauti yake haijui kupanda wala kushuka. "Asiyesema amekula kiapo."

Nilivuta pumzi tano. Sikusema.

Nkwabi, fundi mitambo wetu, alinikamata mkono tulipofika kwenye korido. Katika Kituo kizima cha Ilindi, ni yeye tu aliyejua kwamba Kabuje ni jina la upande wa mama yangu, na kwamba jina la baba yangu liko kwenye orodha ya gereza.

"Dada Tuse, umerogwa?"

"Kura ni kura."

"Kura gani! Kisasi umekipika miaka kumi na mitatu, halafu unasimama pale umetulia kama mtakatifu wa kwenye kalenda. Rudi ukaseme."

"Nikaseme nini?"

"Sema unaumwa. Sema una mimba. Mimi nitadai ni yangu, mke wangu atanielewa baada ya miaka miwili hivi."

Nilijikuta nacheka, kisha kicheko kikaisha.

"Nipe ufunguo wa droo, Nkwabi."

"Droo ipi?"

"Ya makopo."

Aliutoa mfukoni, lakini hakuniwekea mkononi. Aliuweka kwenye ukingo wa dirisha, kama mtu asiyetaka kuonekana ametoa.

*

Tangu Sheria ya Chuma ipitishwe, kitu kikianguka hatuanzi kwa kuuliza watu. Tunakata kipande cha chuma palipovunjika, tunakileta kwenye mwali wa nyutroni, chembe ndogo zinazopenya chuma, na chuma kinasema. Daraja, mnara, paa la shule, chochote. Watu waliipokea sheria hiyo kwa vifijo, maana chuma hakipokei bahasha na hakina shemeji wizarani. Usomaji ukisainiwa hauna rufaa. Mtu mmoja tu duniani anaweza kuufuta: yule aliyeusaini. Katika miaka kumi na minane ya kituo, safu ya mwisho kwenye daftari la Bi Fatna, ile yenye kichwa "Umefutwa", haikuwahi kuguswa na wino.

Safari hii kilichoanguka kilikuwa jukwaa la kwaya. Profesa alipostaafu alijifunza kuchomelea. Alisema mtu aliyehukumu mafundi mia mbili lazima awaonyeshe kazi safi ikoje. Akanunua mashine, akawachomelea waumini wenzake jukwaa la chuma la ngazi nne, bure, kwa mikono yake. Jumapili ya tatu liliporomoka kwaya ikiwa juu. Mwalimu wa kwaya, Ndimbo, aliangukiwa na nguzo akafa palepale.

Swali letu lilikuwa moja: vijiti vya kuchomelea vilikuwa vikavu? Kijiti chenye unyevu hupeleka hidrojeni ndani ya chuma, na hidrojeni hukaa humo kimyakimya ikisubiri siku ya mzigo. Fundi anayechomelea kwa vijiti vibichi anaitwa mzembe, na mtu akifa, mzembe anakwenda jela miaka ishirini.

Nilifungua droo. Makopo sita ya metali ya vanadi yalikuwa yamelala kwenye sifongo, kila moja na ukubwa wa kidole gumba. Nilichukua namba sita kwanza.

Naomba nieleweke hapa. Sikutaka kumfunga mtu kipofukipofu. Nilitaka kujua ninamfunga nani. Basi siku ya kwanza nilifanya kazi kama nilivyofundishwa. Nililipima kopo namba sita likiwa tupu, kwa muda wa saa sita kamili, kisha nikatia vipande vya chuma cha jukwaa, nikapima tena, nikaondoa cha kwanza kwenye cha pili.

Kwa nyutroni, kila atomu ni shabaha, na kila shabaha ina maeneo mawili. Kuna eneo la mtawanyiko wa pamoja na kuna eneo la mtawanyiko wa mmojammoja. Nilipokuwa mdogo, karakana ya baba yangu ilikuwa na mafundi wanne. Wakinyoosha bamba kubwa waligonga kwa mpigo mmoja, na mtu aliye barabarani aliweza kusema bamba lina urefu gani kwa kusikiliza tu mpigo. Huo ndio mtawanyiko wa pamoja: unakuambia atomu zimepangana vipi. Lakini kila fundi akigonga kivyake, mpigo hupotea, na badala yake unamsikia kila mtu peke yake, anavyohema na anavyotikisika. Huo ni wa mmojammoja. Chuma hugonga pamoja. Eneo lake la pamoja ni bani kumi na moja, bani ikiwa kipimo chetu cha ukubwa wa shabaha, na la mmojammoja halifiki hata nusu bani. Hidrojeni ni kinyume chake kabisa: chini ya bani mbili kwa pamoja, themanini kwa mmojammoja. Ndiyo maana haijifichi. Chembe chache za hidrojeni ndani ya chuma hupiga kelele kama mlevi msibani.

Skrini ilionyesha mstari ulionyooka. Hapakuwa na mlevi. Vijiti vya Profesa vilikuwa vikavu kabisa. Jukwaa lilianguka kwa sababu nyingine, labda ardhi iliyolainishwa na mvua, labda mahesabu ya nguzo. Mtu huyu hakuwa na kosa tulilomshitakia.

Nikamimina vipande kutoka kopo namba sita kwenda kopo namba nne.

*

Baba yangu alijenga mnara wa tangi la maji la soko la Lwenje. Ulianguka siku ya gulio, watu kumi na moja wakafa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikaa pembeni ya mama yangu ndani ya ukumbi wa kituo hikihiki siku chuma kiliposema. Profesa ndiye aliyekuwa mpimaji. Kwenye skrini palikuwa na mstari wenye nundu mbili kama ngamia wa Asia ya Kati, mrefu kuliko wowote aliowahi kuuona, alisema. Hidrojeni tupu.

Kwa desturi ya ukumbi, mtuhumiwa ana maswali matatu kwa mpimaji, na mpimaji aliye chini ya kiapo lazima ajibu kweli. Baba yangu aliishia darasa la saba. Alisimama akikunja kofia yake.

"Mheshimiwa, una hakika?"

"Nina hakika," alijibu Profesa.

Baba alifikiri sana. "Maana vijiti nilivikausha. Kwa hiyo, una hakika?"

"Nina hakika."

"Una hakika kabisa?"

"Chuma hakina sababu ya kusema uongo, mzee."

Maswali yakaisha.

Swali lilikuwepo. Baba hakulijua, na hakuna mtu aliyemwambia. Nililijua mimi miaka kumi na miwili baadaye, mwaka wangu wa kwanza kazini, nilipoona kwenye daftari la zamani kwamba kopo namba nne, wiki chache tu kabla ya usomaji wa baba, lilitumika katika utafiti wa metali za kuhifadhi gesi, likapashwa moto likiwa limejaa hidrojeni. Tunatumia vanadi kwa sababu ina adabu: eneo lake la pamoja ni karibu sifuri, haliingilii mpigo wa mtu. Lakini ina ugonjwa mmoja. Ukiipasha moto penye hidrojeni, inaimeza na haitapiki. Ndiyo maana kanuni ya kwanza kabisa ni kupima kopo tupu, siku ileile, kabla ya kutia kitu. Ni kazi ya saa sita, na watu huichoka. Mpimaji mwenye haraka huchukua faili la kopo tupu la mwezi jana akaliondoa hilo. Sisi wenyewe kwa wenyewe tunaliita kiporo.

Nilipima kopo namba nne likiwa tupu. Nundu mbili. Nikafungua kumbukumbu ya usomaji namba 117, wa mnara wa Lwenje. Nundu mbili zilezile, mahali palepale. Hidrojeni iliyomfunga baba yangu haikuwa ndani ya chuma chake. Ilikuwa ndani ya kopo. Profesa alikula kiporo.

Nilimfuata nyumbani kwake miezi sita kabla ya kura hii. Sikumwambia mimi ni nani, nilijitambulisha kama mpimaji tu. Alinikaribisha vizuri, akanimiminia chai yeye mwenyewe. Niliweka karatasi mbili mezani. Alizitazama muda mfupi mno kwa mtu anayeziona kwa mara ya kwanza.

"Nilijua mwaka uliofuata," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ulijua, Profesa?"

"Binti, keti. Usomaji niliousaini ni mia mbili na tisa. Ukifutwa mmoja, kesho mawakili watataka yote yafutwe. Walioua watu kweli watatoka wakicheka. Na watu wataanza tena kuamini bahasha. Wewe ungefanya nini?"

"Ningefuta."

"Kwa sababu una umri wa miaka ishirini na minne."

"Kuna mtu yuko ndani!"

"Yupo," alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionikausha machozi hadi leo. "Kunywa chai, inapoa."

*

Jumapili, kabla ya siku ya ukumbi, nilikwenda kumwona baba. Amekuwa mwembamba, lakini mikono yake bado mikubwa. Huwafundisha wafungwa wenzake kuchomelea, na alikuwa na alama mpya ya cheche kwenye kidole.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mbona macho mekundu? Hao watu wa nyutroni hawalali?"

"Tunalala." Nilimsogezea ndizi nilizomletea. "Baba, Profesa Rwechungura ameshitakiwa. Jukwaa alilochomelea limeua mtu."

Alimenya ndizi taratibu. Nilitegemea kitu fulani usoni mwake, sijui nini. Furaha, hata ya sekunde moja.

"Amejifunza kuchomelea?" aliuliza. "Uzeeni? Vijiti alivikausha?"

"Saa mbili kwenye tanuri. Ana hadi karatasi ya joto."

"Basi si yeye. Amesimika nguzo ovyo tu, huyo ni mwanafunzi."

"Baba, huyu ndiye aliyekuweka humu!"

"Namjua." Alitafuna, akameza. "Nilimchukia miaka sita, Tusekile. Kuchukia kulikuwa kazi yangu, asubuhi naamka nayo kama zamu. Mwaka wa saba nikachoka. Usidhani nimemsamehe. Nimechoka tu."

Mimi sikuwa nimechoka. Nilitoka pale nikiwa na hakika zaidi. Nilipanga hivi: kesho Profesa ataona nundu mbili kwenye skrini. Hakuna anayezijua kumshinda. Atakuwa na maswali matatu, na ili ajiokoe lazima aulize lile swali moja: ulipima kopo tupu? Nami, chini ya kiapo, nitajibu hapana. Nitamwambia ukumbi mzima kwamba nimekula kiporo kilekile cha zamani, cha kabla kopo namba nne halijameza hidrojeni, kama yeye alivyofanya. Atalazimika kueleza kwa mdomo wake, mbele ya Bi Fatna na kalamu yake, jinsi kopo linavyoweza kumfunga mtu asiye na kosa. Akishaeleza hilo hawezi tena kukataa kufuta namba 117. Ama aseme ukweli unaomtoa baba yangu, ama aende jela kwa uongo uleule. Nililipenda hilo la pili pia. Sitadanganya, nililipenda zaidi.

*

Ukumbi ulijaa kufikia saa nne. Kwaya nzima ilikuja na sare zao, wengine wakiwa na magongo. Mstari wa mbele alikaa mjane wa Ndimbo, mama wa makamo, kanga ya msiba imemfunga kichwa hadi kwenye nyusi. Profesa alikuwa kwenye kiti cha mtuhumiwa, koti safi, viatu vinang'aa.

Niliweka usomaji kwenye skrini. Nundu mbili.

Minong'ono ilipita kama upepo kwenye mabati. Hata asiyesoma anajua nundu ni mbaya. Mimi nilimtazama Profesa tu. Niliona alivyotambua. Ilikuwa kama kumwona mtu anakutana mtaani na mtu aliyemzika. Macho yake yalitoka kwenye skrini, yakaja kwangu, yakakaa.

"Mtuhumiwa ana maswali matatu," alisema Bi Fatna.

Profesa alisimama. "Binti, umetumia kopo namba ngapi?"

"Nne."

Hatua moja tu imebaki, nikawaza. Uliza.

"Mwali ulikuwa imara muda wote?"

"Ulikuwa imara."

Nyuma ya Bi Fatna, kwenye rafu ndefu, madaftari yote ya usomaji yalikuwa yamepangwa kwa miaka, migongo ya kijani. Profesa aliyatazama moja baada ya jingine, kama mfugaji anavyokagua ng'ombe jioni. Kisha akanigeukia, na nikaona midomo yake inajikunja kidogo. Lilikuwa tabasamu.

"Sina swali la tatu," alisema, akaketi.

Nilielewa papo hapo. Hakuwa anatubu. Mtu anayetubu angefungua mdomo. Alikuwa amechagua kwenda jela na heshima ya madaftari yake ikiwa nzima, mia mbili na tisa, na huu wa mia mbili na kumi juu yake. Alikuwa ananishinda. Angefungwa yeye, na baba yangu angebaki ndani vilevile.

"Kama hakuna swali, mpimaji asaini," alisema Bi Fatna.

Nilisaini. Naandika hili bila kulipamba: hakuna aliyenilazimisha. Nilijiambia, basi, kama sipati haki nitachukua kisasi, bora nusu shari kuliko kurudi mikono mitupu. Miaka ishirini. Amezeeka, atafia humo. Na nilisikia utamu, utamu wa kweli, kama wa kukuna kidonda.

Mjane wa Ndimbo alisimama. Alikuja hadi mezani kwangu, akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa ya baridi.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Wiki tatu silali. Namlaumu Mungu, namlaumu marehemu kwa nini alipanda, najilaumu mimi nilimpigia pasi lile joho. Sasa umenipa mtu. Nitamlaani huyu hadi naingia kaburini, na wanangu watamlaani."

Kisha akageuka, akamtemea Profesa mate kwenye koti.

Uso wake alipogeuka niliutambua. Niliamka nao miaka kumi na mitatu, kwenye kioo cha bafuni. Lakini wangu ulikuwa na sababu ya kweli. Wa mama huyu nilikuwa nimeutengeneza mimi, kwa kopo bovu, na nimempa aubebe yeye na watoto wake hadi kaburini. Chuki yangu niliilipia. Yake ilikuwa ya kughushi, na yeye hakujua.

"Bi Fatna," nilisema. "Nipe daftari."

"Umeshasaini."

"Najua. Nataka safu ya mwisho."

Bi Fatna alikuwa karani kwa miaka kumi na minane, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza nilipoona macho yake yakiinuka. "Tusekile. Unajua adhabu ya kiapo cha uongo?"

"Miaka mitano, na leseni."

"Na bado unataka?"

"Nataka."

Aligeuza daftari likanielekea. Niliandika kwenye ile safu nyeupe, nikisema kwa sauti kila neno ninaloandika. Usomaji huu umefutwa. Mpimaji hakupima kopo tupu. Alitumia kiporo kwa makusudi, kwenye kopo namba nne, ambalo lina hidrojeni yake lenyewe. Mpimaji alikuwa na kisasi na mtuhumiwa na alikificha siku ya kura.

Ukumbi ulilipuka. Mtu wa kwaya alirusha gongo. Mjane wa Ndimbo alirudi nyuma hatua moja, akiniangalia kama niliyemnyang'anya chakula mdomoni.

"Kwa hiyo hukusema kweli?"

"Sikusema kweli, mama. Nisamehe. Vipande vya jukwaa nilivipima pia kwenye kopo safi, na vilikuwa vikavu. Lakini usiniamini mimi. Vipimwe upya, na mtu mwingine. Sijui kilichomuua mume wako. Bado hatujui."

"Bado," alisema, kama anaonja neno gumu. Aliketi chini, sakafuni.

"Nkwabi!" niliita. Alikuwa amesimama kwenye chumba cha mitambo, mdomo wazi. "Weka kopo namba nne likiwa tupu. Faili liko kwenye folda yangu. Kisha weka usomaji namba 117, mnara wa Lwenje."

"Hiyo ya 117 ni ya..." alianza Bi Fatna.

"Iko wazi kwa umma. Weka, Nkwabi."

Mistari mitatu ilikaa kwenye skrini, mmoja juu ya mwingine. Nundu mbili, nundu mbili, nundu mbili. Jukwaa, kopo tupu, mnara. Hakuna haja ya shahada. Mtu wa nyuma kabisa alisema kwa sauti, "Si ni kitu kimoja hicho?"

Mjane wa Ndimbo, palepale chini alipokaa, alimwinulia Profesa uso. "Baba, wewe ndiye mtaalamu. Aliyefungwa kwa huo wa mnara, naye alifungwa na kopo?"

Lile halikuwa swali la kanuni. Hakuwa na wajibu wa kulijibu. Alijifuta mate kwenye koti kwa kitambaa, akakikunja kitambaa mara nne.

Nilibeba daftari la mwaka ule, lile la mgongo uliopauka, nikalifungua mbele yake kwenye ukurasa wa 117. Nikaweka kalamu juu yake.

"Wangu nimeufuta, Profesa. Tazama. Paa bado liko juu."

"Yatafuata mengine," alisema kwa sauti ndogo. "Hujui unachofungua."

"Yanayostahili yatafutwa. Yasiyostahili yatapimwa tena na yatasimama. Kama chuma kinasema kweli unaogopa nini kukiuliza mara ya pili?"

"Unafanya hivi kwa wema?" Aliniangalia kwa udadisi, kama sampuli. "Umeniokoa ili nikushukuru?"

"Sikukuokoa kwa ajili yako. Nimemwondolea yule mama uongo wangu, basi. Wewe sijakusamehe. Sitakusamehe leo, na kesho sikuahidi. Miaka kumi na miwili kati ya hiyo kumi na mitatu ulikuwa unajua, na ulikuwa unakunywa chai. Nitakwenda jela nikiwa nakuchukia. Saini."

Askari wawili walikuwa wameshaingia na kusimama nyuma yangu. Mmoja alinigusa bega, Bi Fatna akamwonyesha kiganja: subiri.

Profesa alishika kalamu. Aliandika neno "Umefutwa" kwa mwandiko mzuri wa watu wa zamani. Akaandika tarehe. Kisha kalamu ikasimama. Safu ile inahitaji jina la aliyehukumiwa, na kwenye kurasa zetu wahukumiwa hawana majina, wana namba. Akaangalia juu ya ukurasa, akaangalia chini yake.

Miaka yote hiyo niliamini kwamba jina hilo tulikuwa tunalibeba pamoja, mimi upande wangu na yeye upande wake. Kwamba angalau usiku mmoja kwa mwaka jina lile lilimwamsha.

"Alikuwa anaitwa nani?" aliuliza.

"Anaitwa," nilisema. "Yu hai. Anaitwa Ambilikile Mwasomola. Fundi. Ni baba yangu."

Kichwa chake kikaanza kuinuka.

"Andika kwanza, Profesa," nilisema. "Utanitazama baadaye."

Akaandika.